Bendera Nyekundu Ugogo: Makumbusho ya Bahari na Mtu wa Dodoma

Makumbusho ya bahari katika miji ya kale ya pwani yetu yana desturi moja: habari inaanzia kwenye upepo, inapita kwenye tanga, inakomea mchangani. Pale Fort Jesus, Mombasa, utaoneshwa vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Bagamoyo kuna Ngome Kongwe, kuna jengo la forodha la Wajerumani, kuna Caravan Serai, kituo ambacho misafara ilipumzikia. Unguja, kabla sehemu ya Beit al-Ajaib haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ulikuwa unaweza kuuzunguka mtepe mzima, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, uliojengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani. Vyote ni vya kuonwa. Lakini mtu aliyetoka Dodoma huvitazama kama mgeni aliyealikwa kwenye harusi ya watu asiowajua: anakula, anashukuru, anaondoka.

Mimi nadhani huyo mtu wa Dodoma ni wa upande wa bibi harusi, ila hakuambiwa. Bandari za karne ya 19 zilikuwa nusu tu ya mtambo mmoja. Nusu ya pili ilikuwa huku bara, na sehemu yake ngumu kuliko zote, ile iliyoweza kuusimamisha mtambo mzima, ilikuwa Ugogo, nchi ya Wagogo. Ukiondoa Ugogo, nusu ya vitu vilivyomo kwenye makabati ya kioo ya pwani huvielewi vilifikaje pale.

Tuanze na chombo chenyewe, maana hapo makumbusho yanasema kweli. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kandokando ya ukingo, tundu moja baada ya jingine, kisha kamba ya makumbi ya nazi ikapitishwa ubao hadi ubao na kuvutwa mpaka zikabana. Kila tundu likagongewa kijiti ili kamba isilegee na maji yasipite. Tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba uliosukwa, si kitambaa cha pembetatu kama cha jahazi, na omo yake ilinyanyuka kama shingo ya mnyama. Wazee wa Lamu walisema ni ngamia wa Mtume. Chombo kilichoshonwa hunyumbulika. Kinaweza kukwama mchangani, kikapigwa na mawimbi, kisipasuke upesi, na hilo ni jambo kubwa kwenye pwani ambayo bandari zake nyingi zilikuwa ufukwe mtupu ambao maji hukupwa chombo kikabaki kimelala ubavu.

Vyombo vikubwa vya safari ndefu, mabagala na masambuki ya Uarabuni na Bara Hindi, vilitegemea pepo mbili. Kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi, ulivileta kutoka Ghuba, Hadhramaut na Gujarat. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ulivirudisha. Katikati ya kusi bahari huchafuka, kwa hiyo nahodha mwenye akili aliondoka mapema au alingoja mpaka mwishoni. Aliyekosa vyote viwili alikaa pwani akila akiba yake hadi mwaka ujao.

Hayo yameandikwa kwenye kila ukuta wa makumbusho. Sasa swali ambalo kuta hizo hulijibu kwa mstari mmoja: vyombo vile vilifuata nini?

Vilifuata vitu vingi, karafuu, mikoko, sandarusi, watu waliotekwa, lakini kilichowatajirisha wafanyabiashara wa Unguja kwa njia ya kati, ile ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kilikuwa pembe za ndovu. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake; seremala aliweza kuzikata nyembamba bila kupasuka. Zilienda Bara Hindi kutengenezwa bangili, na kuanzia miaka ya 1830 zikaanza kwenda Marekani kwa wingi. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, ambao uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zao, na mwaka 1837 wakafungua ubalozi mdogo Unguja. Katika jimbo la Connecticut kuna mji unaoitwa Ivoryton. Ulikua kwa kukata pembe hizo ziwe vibao vya kinanda. Kwa upande wa pili, merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, imara, ambacho pwani na bara walikiita merikani. Vita vya wao kwa wao vilipozuka Marekani mwaka 1861 merikani ikaadimika, na vitambaa vya Bombay na Uingereza vikajaza nafasi yake.

Kwa hiyo mama aliyefunga merikani Mvumi mwaka 1850 na binti aliyejifunza kinanda Boston walikuwa kwenye biashara moja. Katikati yao palikuwa na bahari, na baada ya bahari palikuwa na mwendo wa miguu wa miezi.

Kalenda mbili

Hapa ndipo mambo yanapochanganya, na ndipo maelezo ya makumbusho huwa mepesi mno. Bahari ilikuwa na kalenda yake ya pepo. Bara ilikuwa na kalenda yake ya mvua na mavuno. Kalenda hizo hazilingani.

Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi, na Mnyamwezi alikuwa mkulima kabla hajawa mpagazi. Alitoka nyumbani baada ya mavuno, Mei au Juni, akashuka pwani wakati wa kiangazi, na alitaka awe amerudi kabla ya kupanda, mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka. Ugogo ilimfaa kwa upande mmoja na kumtesa kwa upande mwingine. Nchi hii ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe ni milimita 500 au 600 kwa mwaka, ikiamua kuja. Uwele na mtama huvunwa Mei na Juni. Msafara uliopita muda mfupi baadaye ulikuta maghala yamejaa na malambo bado yana maji. Uliochelewa hadi Oktoba ulikuta mito ni mchanga mtupu, na maji ni yale ya visima vya kuchimba kwa mkono kwenye mto uliokauka, ambavyo vilikuwa na wenyewe.

Pembe iliyoshuka kwa kalenda hiyo ilifika pwani mwishoni mwa kusi, wakati vyombo vingi vya mbali ama vimeshaondoka ama vinang'oa nanga. Vitambaa vya msafara wa kupanda, navyo, vililetwa na kaskazi ya miezi mingi iliyopita. Nani alilipa gharama ya kungoja? Ghala na mkopo. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo walitoa bidhaa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, mfanyabiashara akaenda nazo bara mwaka mmoja au zaidi, akarudi na pembe kulipa deni pamoja na faida ya mkopeshaji. Maarufu kati yao upande wa Bagamoyo alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, ambaye aliandaa misafara, akaitafutia wapagazi na kuiuzia vifaa. Watanzania wengi wamelitamka jina lake bila kujua, kwa sababu jengo la Sewa Haji lipo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Ukitaka kuona kinachompata mtu asiyefuata kalenda, soma habari za mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley. Alitoka Bagamoyo Machi 1871, katikati ya masika, akaingia kwenye mbuga ya Makata iliyofurika. Matope, homa, punda wakafa. Wapagazi wenye uzoefu walijua ni kwa nini watu hawasafiri mwezi huo. Yeye alikuwa na haraka ya gazeti. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, walioanzia Kaole mwishoni mwa Juni 1857, walichagua mwezi bora zaidi, na bado iliwachukua siku 134 kufika Tabora.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Merikani na kaniki zilifungwa robota refu la kubebwa begani. Shanga zilitiwa kwenye mifuko. Waya wa shaba ulizungushwa mizunguko, ukaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti kama mzega. Pembe ilikuwa kazi ya wenye nguvu na wenye majivuno: iliwekwa begani, ncha ikafungwa kengele ya ng'ombe, na upande wa nyuma mwenyewe akafungia vikorokoro vyake. Msafara wa pembe ulisikika kabla haujaonekana.

Na mbele ya wote alitembea kirangozi, amevaa kilemba cha manyoya, akiwa na bendera nyekundu. Ilikuwa bendera ya Sultani wa Unguja, ileile iliyopepea kwenye vyombo vyake baharini. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila makumbusho ya bahari ya pwani hii, kwamba bendera ya baharini ilipandishwa pia Kilimatinde, huku bara, na watu wa Kilimatinde waliijua ni ya nani.

Forodha ya Ugogo

Kutoka Mpwapwa msafara ulipita Chunyo, ukaingia Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, mwendo wa siku mbili hivi. Watu walitembea usiku. Walipotokea upande wa pili walikuwa wameshaingia mikononi mwa watemi wa Kigogo, na hapo ndipo hongo ilipodaiwa: si rushwa ya siku hizi, bali ushuru wa kupita.

Wasafiri wa Kizungu waliandika kurasa kwa kurasa wakilalamika kuhusu hongo. Kwao ilikuwa unyang'anyi. Wasomaji wengi wa leo wamelirithi lalamiko hilo bila kulihoji, na nasema wazi kwamba silikubali. Tazama hongo ilinunua nini. Ilinunua maji, katika nchi ambayo kisima kilikuwa jasho la mtu fulani na kikinywewa na watu mia nne leo, kesho ng'ombe wa kijiji wanakosa. Ilinunua ruhusa ya kuweka kambi na soko la nafaka, maziwa, asali na chumvi. Ilinunua ulinzi kwenye eneo la mtemi yule. Na ilipangwa kwa mazungumzo: mjumbe anakuja, anataja idadi ya doti, mwenye msafara anashtuka hata kama hakushtuka, anatoa nusu, siku inapita, mjumbe anarudi. Siku mbili au tatu kwa mtemi mmoja hazikuwa ajabu. Doti ilikuwa mikono minane ya kitambaa, vipande viwili vya shuka.

Sultani naye alitoza. Bidhaa zikishuka Unguja, forodha. Pembe zikitoka Bagamoyo, forodha. Aliyeidai alikaa kwenye jengo la mawe na alikuwa na karani, basi ikaitwa mapato ya serikali. Mtemi wa Ugogo alikaa kwenye tembe, basi ikaitwa ujambazi. Sisemi watemi walikuwa wema. Walitoza kwa ubabe walipoweza, walitoza faini kwa makosa madogo ya wapagazi, na bei ilipanda walipoona msafara una kiu. Lakini forodha gani haifanyi hivyo?

Kuikwepa Ugogo nako haikuwa rahisi. Upande wa kaskazini walikuwepo Wamasai. Kusini, Wahehe walikuwa wakizidi kupata nguvu chini ya Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa. Na penye maji palikuwa pachache, kwa hiyo njia ilijichora yenyewe kutoka kisima hadi kisima. Baada ya Ugogo ilikuwepo Mgunda Mkali, nyika nyingine ndefu kabla ya Unyamwezi. Mtu aliyetoka kwenye nyika moja na anayekabili nyingine hana msimamo mkali kwenye mazungumzo ya bei.

Kuna fundo jingine linalohitaji kufunguliwa hapa. Picha iliyozoeleka ya njia hii ni mnyororo: watu waliofungwa shingo kwa shingo, kila mmoja na pembe kichwani. Watekwa walipita kwenye njia ya kati, hasa kutoka Manyema kupitia Ujiji na Tabora, na mateso yao hayahitaji kupunguzwa wala kupambwa. Lakini mkondo mkubwa zaidi wa biashara ya watumwa ulipita kusini, kutoka upande wa Ziwa Nyasa kushukia Kilwa. Mizigo ya njia ya kati ilibebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi huru waliolipwa kwa kitambaa, waliogoma wakidhulumiwa, walioacha mzigo njiani na kutoroka wakiona kiongozi hafai. Makumbusho yakiwachanganya makundi haya mawili, yanawanyima watumwa habari yao ya kweli, na yanawafuta wapagazi, ambao walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa ujira wa kwanza wa nchi hii kwa idadi kubwa.

Bendera iliposhushwa

Aprili 1888 Sultani Khalifa aliwapa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mkataba wa kusimamia pwani na kukusanya ushuru wake. Agosti mwaka huohuo maofisa wa kampuni wakaanza kazi na kutaka bendera yao ipandishwe. Ugomvi wa bendera Pangani na Bagamoyo ukawa vita, vikiongozwa na Abushiri bin Salim.

Vitabu vya shule huviita vita vya pwani. Lakini ndani ya mwaka mmoja vilikuwa vimefika Mpwapwa: Abushiri aliposukumwa kutoka Bagamoyo alipanda bara na kukishambulia kituo cha kampuni kilichokuwa pale. Hakwenda Mpwapwa kutafuta hewa safi. Anayeshika mlango wa Ugogo anashika biashara ya Bagamoyo hata kama hana bandari. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alilijua hilo vilevile. Mwaka 1889 alipanda mwenyewe hadi Mpwapwa na kujenga ngome. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani Desemba mwaka huo.

Kilichoiua njia ya misafara, hata hivyo, hakikuwa vita. Kilikuwa kina cha maji. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za mvuke za kampuni ya Kiingereza ya British India zikaanza safari za kila mwezi kuja Unguja. Meli ya mvuke haingoji kaskazi, lakini pia hailali ubavu mchangani maji yakikupwa. Bagamoyo, yenye ufukwe wa maji mafupi uliofaa sana majahazi, haikuwa na mahali pa kuiweka. Dar es Salaam ilikuwa nayo. Wajerumani walihamishia makao yao huko mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia huko. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Kwa maneno mengine, mji wa Dodoma ulikua kwa sababu meli zilihitaji maji ya kina. Bandari ilipohama, njia ilihama, na penye njia mpya pakaota stesheni, pakaota soko. Mpwapwa na Kilimatinde, zilizokuwa majina makubwa kwenye daftari za wafanyabiashara, zikaachwa kando ya reli.

Na kuna meli iliyopita hapa Dodoma. Si kwa mfano wa maneno. Ilipita juu ya reli. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli ya Graf von Götzen, urefu wa mita 71 hivi, kisha kikaifungua yote, kikaipakia kwenye masanduku kama 5,000 na kuituma Dar es Salaam. Kutoka hapo ikasafirishwa kwa treni hadi Kigoma, ikaungwa upya msumari kwa msumari, na kuteremshwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi nzito ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Ngama zake zimebeba mizigo ya vizazi vitatu vya watu wa Kigoma na Rukwa. Sijaona bado makumbusho ya bahari ya pwani yanayoieleza safari ile ya reli, ingawa ni meli pekee ya ukubwa huo ambayo Mgogo angeweza kuihesabu ikipita, behewa kwa behewa.

Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe kwenye orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Maeneo yaliyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara pale Tabora, na Ujiji. Mawili yako katikati ya nchi, Mpwapwa mkoani Dodoma na Kilimatinde wilayani Manyoni, Singida. Ajabu ni kwamba mtalii wa Kolo, kule Kondoa, anayekuja kuona michoro ya miambani ambayo iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka huohuo wa 2006, hupita mkoa huu bila kusikia neno hongo.

Sasa kwa kuwa treni ya umeme inakutoa Dodoma asubuhi na kukufikisha Dar es Salaam mapema, Bagamoyo unaweza kufika siku hiyohiyo. Ukifika, usiridhike na upepo na matanga. Mwambie mwongozaji akuoneshe kilipo kitambaa cha hongo. Muulize pembe ile ya kabatini ilipita kwa mtemi gani, na maji ya wapagazi yalitoka wapi. Kama hana jibu, mpe la kwako. Watu wa Mpwapwa na Manyoni bado wanajua visima vya zamani viko wapi, na baadhi vinachotwa mpaka leo.